Waliowahi kupita stesheni ya Friedrichstraße, Berlin: tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Kwetu baba akianza stori za Ujerumani, lazima afike Friedrichstraße. Naanza na za kwake, nanyi mwageni zenu.

Alikuwa Leipzig miaka ya 80, kama vijana wengine wa Unguja waliopelekwa DDR, yaani Ujerumani Mashariki, kusoma (Wajerumani hao hao ndio waliotujengea maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani). Berlin ilikuwa imegawanywa, Mashariki na Magharibi; stesheni ilikuwa Mashariki kabisa, lakini treni za Magharibi zilisimama humo humo. Ukuta wa Berlin ulipowekwa Agosti 1961 wakaigawa kwa ndani, majukwaa yakatenganishwa kwa ukuta wa chuma. Mtu wa Magharibi aliweza kubadili treni pale bila kuulizwa kitambulisho, tena akajinunulia sigara na pombe bila ushuru duka la Intershop. Wa Mashariki, hatua chache tu kutoka hapo, hata kumwona hamwoni.

Baba alikuwa na pasi ya Tanzania na viza, akavuka. Wenzake Wajerumani hawakuruhusiwa, basi kila akienda ana orodha ya kuagizwa: kahawa, soksi za kina mama, betri. Anasema kibanda cha ukaguzi kilikuwa chembamba, mnaingia mmoja mmoja, na juu kuna kioo cha mshazari ili askari akuone mpaka kisogoni. Anatazama picha, anatazama sikio lako, kimya. Halafu mlango unalia, unausukuma.

Mdau, Mombasa:
Shikamoo kwa mzee. Mimi niliishi mtaa wa Wedding, Magharibi, kazini Kreuzberg, nako Magharibi, nikipanda U6, treni ya chini ya ardhi. Tangazo linatoka kwamba hiki ni kituo cha mwisho cha Berlin Magharibi, halafu treni inapita chini ya Mashariki. Vituo vimefungwa, taa hafifu, treni inapunguza mwendo bila kusimama, unamwona askari na bunduki yake. Friedrichstraße peke yake ndipo iliposimama. Nikitaka kumtembelea rafiki yangu ng'ambo, napanda ngazi, nabadilisha marki 25 kwa lazima, na chenji huruhusiwi kutoka nayo. Nilimaliza kwa vitabu vya watoto, vilikuwa bei ya karanga!

Mdau, Hamburg:
Lile jumba la vioo la kuagania, la 1962, watu waliliita Tränenpalast, kasri la machozi. Tangu 2011 ni makumbusho, kuingia bure. Kibanda anachosema mzee kipo, ingieni muone. Treni za juu zilianza kupita moja kwa moja tena Julai 1990.

Mdau, Dar:
Mkuu, tusiwaambie vijana kwamba kila Mwafrika alivuka. Mwanafunzi mwenye viza, sawa. Vibarua wa mikataba kutoka Msumbiji je? Nilifanya kazi nao kiwandani, wengi pasi zao walishikiwa na wakubwa, Magharibi waliiona kwenye televisheni. Kama kuna aliyekuwa nao Berlin, aje aeleze.