Mtoto hataki niongee Kiswahili getini kwa shule

Kutoka: Mama wawili, Houston

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba mawazo maana hili limeninyima usingizi wiki nzima. Binti yangu ana miaka 9, juzi nimemfuata shule nikamwita kama kawaida, "haya mama twende," akaja mbio akaninong'oneza kwa Kiingereza nisiongee hivo mbele ya wenzake. Kumbe kuna watoto walimuuliza eti kwao wanaishi na simba, na alianza kuvaa viatu lini, na huyu kazaliwa hapahapa Texas jamani. Usiku nikatoa simu nikamwonyesha Dar, maghorofa ya Posta, flaiova ya Tazara, daraja la Kigamboni, nikamwambia kawaonyeshe hizo. Akaangalia weee, alafu akaniuliza, "Na nyumba ya bibi nayo niwaonyeshe, au nisiwaonyeshe?" Mama yangu yuko Lushoto, nyumba yake ya fito na udongo. Nilikosa jibu.

Kutoka: Baba watatu, Columbus

Dada pole sana. Mtoto kauliza swali lenyewe hasa. Mimi nilifanya hivohivo, kijana akiulizwa upuuzi nampa picha ya ghorofa, nikaja kushtuka kwamba namfundisha Afrika inaheshimika pale tu inapofanana na huku, manake ukikimbilia maghorofa ushakubali kwamba nyumba ya udongo ni aibu. Ukuta wa udongo unashika joto la mchana mpaka usiku na baridi ya Lushoto mnaijua wenyewe. Mwambie nani kaijenga na nani kakulia humo.

Alafu usimwachie mtoto vita peke yake. Andika imeli kwa mwalimu, omba nusu saa darasani. Mimi nilipopewa nilibeba ramani, nikawauliza Greenland na Afrika ipi kubwa, wakasema zinalingana kwasababu ile ramani ya ukutani ndo inavyoonyesha, kumbe Afrika inaizidi kama mara 14. Nikawaambia nchi ni 54, kila moja ina kiti chake Umoja wa Mataifa. Ila kilichowakamata kabisa ni Kilwa, kwamba masultani wake walikuwa wanapiga sarafu zao za shaba, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika pale 1331 akausifu ule mji kwa uzuri, wakati Wareno hata hawajatokea. Waliuliza maswali mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetaja simba.

Kutoka: Shangazi, Dallas

Mwanangu, la nywele litafuata, jiandae. Hapa Texas toka tarehe 1 Septemba 2023 kuna sheria inaitwa CROWN Act, shule haitakiwi kumbagua mtoto kwa sababu ya kusuka, rasta au twisti. Wenye watoto wa kiume muwe makini lakini, 2024 jaji alisema sheria hiyo haizuii shule kuweka kanuni ya urefu wa nywele, kwahiyo someni kanuni za shule kabla hamjamsuka mtoto. Na Kiswahili getini usiache hata siku moja, ongea kwa upole tu, ukinyamaza atajua na wewe unaona aibu.

Kutoka: Mama wawili, Houston

Asanteni sana, nimelia nikisoma. Jumapili tulimpigia bibi kwa vidio, binti akamwomba amzungushe nyumba nzima, bibi akamwonyesha jikoni, mafiga, na ukuta anaoukandika mwenyewe kila mwaka, akamwambia maharage ya shamba la nyuma ndo yaliyonilipia ada mimi mama yake. Mtoto akakaa kimya, baadae akasema picha ya bibi akiwa mlangoni ndo anayotaka kwenda nayo shule.

Mwalimu kakubali Alhamisi ijayo. Nataka kila mtoto ashike kanga asome maandishi yake, mimi niwaambie maana, ila ninazo mbili tu na watoto wako 22. Walioko Houston mwenye kanga za kuniazima anijibu hapa, nitapita kuzichukua na nitazirudisha zimefuliwa.