Chumba na sebule kwa asiye na gari: Upanga, Magomeni au Sinza?

Mgeni_wa_Posta
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi mjini, Samora, natafuta chumba kimoja, sebule, jiko na choo ndani. Gari sina na sina mpango nalo. Nataka soko, duka la dawa na kituo cha basi nivifikie kwa miguu. Bajeti laki nne kwa mwezi, miezi sita naweza kutanguliza. Dalali kanitajia Upanga, Magomeni na Sinza. Wenyeji, mnasemaje?

Binti_Upanga
Karibu Dar. Kwa ofisi ya Samora, mimi nakwambia Upanga. Ukitokea upande wa Fire unatembea kama nusu saa, njiani kuna miti, unafika kazini shati bado kavu. Muhimbili iko hapo hapo. Ila kwa laki nne usitarajie jengo jipya. Ni ghorofa za zamani zisizo na lifti, au kijumba cha uani. Ukienda kuona, panda mpaka juu na ufungue bomba mwenyewe. Ghorofa ya tatu kwenda juu maji yanategemea pampu, umeme ukikatika ndoo inakuhusu. Na usiku mitaa imepoa mno, mpenda chipsi za saa tano atajuta.

Mzee_wa_Mapipa
Dada, kwa laki nne Upanga atapewa stoo yenye dirisha. Njoo Magomeni, kijana. Kituo cha Mapipa zinapita basi za mwendokasi za Kimara na za Morocco, soko liko karibu, mitaa imenyooka huwezi kupotea, na hela hiyo hiyo unapata sebule ya kukaa na wageni. Tahadhari moja: dalali akikuambia ana nyumba ya kupangisha pale Kota, mhoji vizuri. Zile ghorofa zilizofunguliwa 2022 zilijengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zamani.

Fundi_Umeme
Mzee, mbona umeiruka Jangwani, lile bonde kati ya Magomeni na mjini? Masika yakikolea mto Msimbazi unafurika, barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, mwendokasi zinasimama. Hapo Kariakoo unaiona kwa macho lakini kufika huwezi. Unazungukia Kinondoni hadi Selander, na wewe pamoja na Dar nzima mko kwenye foleni moja. Mgeni, swali la kwanza si kodi. Jiulize unataka kulala upande gani wa Jangwani.

Mzee_wa_Mapipa
Hayo ni ya siku chache kwa mwaka, Fundi. Kodi ni ya kila mwezi.

Fundi_Umeme
Siku hizo chache bosi wake hatazielewa, mzee wangu.

Sinza_Damu
Mimi wa Sinza na siipigii debe. Ukishuka ngazi kila kitu kipo, kuanzia saluni mpaka hospitali ya Palestina. Lakini kwenda Samora lazima utoke hadi Shekilango, na asubuhi mwendokasi inafika pale imeshajaa watu wa Kimara. Baa nazo zinapiga muziki mpaka usiku wa manane. Ungekuwa unafanya kazi Mwenge ningekuita jirani.

Fundi_Umeme
Jingine, popote utakapokwenda: uliza kama luku ni yako peke yako. Mita ya kuchangia na jirani mwenye friji mbili ni ugomvi wa kila wiki. Pia tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema atakurudishia vipi, na iandikwe kwenye mkataba.

Mgeni_wa_Posta
Asanteni sana. Sinza nimeiacha. Jumamosi naanza kuangalia Upanga upande wa Fire, nikikosa nitavuka kwenda kwa Mzee. Dalali anataka elfu ishirini ya kunizungusha, ni kawaida?

Binti_Upanga
Ni kawaida, lakini iwe mara moja, si kwa kila nyumba. Ile ya udalali, kodi ya mwezi mmoja, usimpe mpaka umekaa na mwenye nyumba mwenyewe na mkasainiana. Na nenda mchana wa jua kali, saa nane hivi. Vyumba vingi vya juu asubuhi vinapendeza, mchana ni tanuri.