Kikundi kinataka baiskeli zipigwe marufuku njiani na mimi ndiye katibu. Naombeni ushauri

MwendaPole
Wakuu, heshima kwenu. Uzi una urefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 14 tunaotembea msituni kila Jumamosi asubuhi. Wengi tumevuka miaka 50, na wawili wana magoti ya bandia. Njia yetu ni moja tu, upana wake hatua mbili, inapanda kilima kwa kona kona. Ni ya wote: sisi wa miguu, wa baiskeli, na wapanda farasi wanaoleta wanafunzi wao. Pale mwanzoni kuna bango lenye ile pembetatu, baiskeli impishe kila mtu na mwenye miguu ampishe farasi. Sijawahi kuona mtu amesimama kulisoma.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa kona ya tatu, ile yenye kichaka kilichoinamia njia. Mimi nilitangulia. Nikasikia kokoto, kisha nikaona gurudumu. Kijana alikaba breki zote mbili, gurudumu la nyuma likaserereka, la mbele likasimama likigusa ncha ya kiatu changu. Mimi sikuumia. Mwenzangu wa nyuma aliruka pembeni, mguu ukaingia kwenye mfereji wa maji, kifundo kikateguka. Kijana aliomba radhi mara tatu, akashuka, akatoa bandeji mkobani mwake akamfunga. Hili la bandeji wenzangu hawataki liingie kwenye barua.

Naam, barua. Wanataka niwaandikie wasimamizi wa msitu wapige baiskeli marufuku. Sahihi 12 zimeshapatikana. Ambao hatujasaini ni wawili, mimi na huyo aliyeteguka.

Nikiandika wanavyotaka, naona nasema uongo kwa kunyamaza. Nisipoandika, mimi msaliti. Na kusema kweli ninaogopa: sasa hivi kokoto zikilia tu moyo unaruka. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

MiguuMiwili
Andika dada, tena leo. Mtu wa miguu hajawahi kumvunja mtu wa baiskeli. Sisi tunakwenda msituni kutuliza kichwa, wao wanakwenda kushindana na saa. Maji na mafuta.

GiaYaKwanza
Mleta uzi, mimi ni wa baiskeli, miaka kumi na moja sasa, na sitamtetea huyo kijana kwa mwendo wake. Ngoja tupige hesabu. Baiskeli ikiteremka kwa kilomita 25 kwa saa, kila sekunde inakula mita 7. Mtu anahitaji sekunde nzima au zaidi kuona, kushtuka na kukaza vidole. Kwa hiyo mita 7 zimeshakwenda kabla breki haijauma, na kwenye kokoto breki inauma kwa kusuasua. Kile kichaka kinamwachia aone mita ngapi? Kama ni 6, alikuwa anaendesha gizani mchana kweupe. Kanuni tunayofundishana ni kwenda mwendo ambao utaweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Hakuikiuka kwa ubaya, ila aliikiuka.

Lakini MiguuMiwili, hilo la maji na mafuta nalikataa. Nusu ya wenzangu nao huwa wanatembea kwa miguu. Na mimi ninapokutana na kikundi kimeshikana safu nzima ya njia, wanapiga soga, mmoja ana visikilizi masikioni, kengele nimepiga mara nne, nifanye nini? Nisimame, nasimama. Lakini hicho nacho kiandikwe kwenye barua.

MiguuMiwili
Kengele yenyewe ndiyo inayonishtua.

GiaYaKwanza
Basi nitasema "habari za asubuhi". Nayo itakushtua?

Tandiko
Mmetusahau sisi wa farasi, kama kawaida. MwendaPole, bahati yenu siku ile hamkuwa na farasi nyuma yenu.

Farasi anaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa mgongoni kwake na palepale mbele ya pua. Ni mnyama wa kuliwa. Kinachomjia kimyakimya kutoka nyuma, au kinachomtazama kikiwa juu yake kwenye mteremko, kwake ni chui mpaka kithibitishe vinginevyo. Masikio ndiyo yanayotangulia: yanasimama yote mawili na kuelekea upande mmoja, shingo inakakamaa, halafu una nusu sekunde tu. Nina farasi mmoja hapa, kila tukifika mahali alipowahi kushtushwa anasimama kukagua, hata kama miezi sita imepita.

Baiskeli ya siku hizi haina kelele, na mpandaji amevaa kofia ngumu na miwani, kichwa kimekuwa cha mdudu. Sauti ndiyo inayomwambia farasi kwamba huyu ni mtu. Kwa hiyo mkituona, simameni, zungumzeni, jambo lolote tu. Sogeeni upande wa chini wa njia, si wa juu. Na msijifiche nyuma ya mti mkidhani mnatusaidia! Watu wastaarabu kabisa ndio wanaofanya hivyo, kisha farasi anasikia mti unapumua.

Kuhusu marufuku, jihadharini. Wakishatoa baiskeli, barua inayofuata itahusu kinyesi cha farasi wangu. Naijua hiyo njia inakoelekea.

KoleoMkononi
Nimejitolea kutengeneza njia za msituni kwa muda mrefu, nimechimba mifereji mingi kuliko makaburi ya mtaa mzima. Niseme machache.

Ugomvi huu ni wa zamani na umeshajaribiwa dawa nyingi. Marekani, Sheria ya Maeneo ya Nyika ya 1964 inakataza vyombo vya usafiri vya kimekanika ndani ya maeneo hayo, na toka 1984 kanuni za idara ya misitu zinaitaja baiskeli waziwazi. Uingereza walikwenda kinyume: sheria ya 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi kwa sharti la kumpisha mwenye miguu na mwenye farasi. Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, baiskeli haziruhusiwi kwenye njia za msitu zenye upana chini ya mita 2, na mabishano juu ya hizo mita 2 hayajaisha. Kule Mount Tamalpais, California, mlima uliosaidia kuizaa baiskeli ya mlimani miaka ya 1970, waliweka kikomo cha maili 15 kwa saa (kama kilomita 24), na kwenye kona zisizoona mbele maili 5.

Dawa ninayoipenda ni ya kalenda. Millcreek Canyon, Utah, njia za juu baiskeli zinaingia tarehe za shufwa tu, na tarehe za witiri mbwa wanaruhusiwa kutembea bila kamba. Mwenye kuchukia baiskeli anatazama tarehe kabla ya kufunga viatu. Haitoi upendo, lakini inatoa usingizi.

Ila yote hayo ni kwa njia yenye watu wengi kupita kiasi. Yako, kwa ulivyosimulia, ina kona moja mbovu. Kona inatibika. Kwanza kata kichaka upande wa ndani, kwa idhini ya wasimamizi, mpaka macho yapate mita 20 au zaidi. Pili, ibane njia kabla ya kona: mawe mawili makubwa, moja kila upande, yaache mwanya wa kupita usukani tu. Mwendesha baiskeli atapunguza mwendo mwenyewe wala hatajua amepunguzwa. Mwanya uufanye wa kutosha tumbo la farasi, Tandiko asije kunitukana. Tatu, kabla ya mawe hayo pandisha kituta kirefu cha udongo. Kitu kilekile kinachotoa maji njiani ndicho kinachokula mwendo.

Bango jipya usijisumbue nalo. Umeshasema mwenyewe hakuna anayelisoma.

MbishiWaZamu
Mmeshamaliza kumpa mawe, sasa na mimi niulize. Na uharibifu je? Baiskeli zinachimba njia, kila mtu anaona. Hilo peke yake linatosha kuwatoa.

KoleoMkononi
Nilitarajia utakuja. Wilson na Seney waliwahi kupima jambo hilo Montana, wakachapisha 1994: walipitisha farasi, watu, pikipiki na baiskeli kwenye vipande vya njia. Kwato na miguu ndivyo vilivyolegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, hasa njia ikiwa imelowa.

MbishiWaZamu
Utafiti mmoja, mkuu. Na gurudumu lililofungwa breki likaserereka mteremkoni si sawa na gurudumu linalozunguka.

KoleoMkononi
Hapo umesema kweli, sikupingi. Alama ya kuserereka ni mfereji mdogo, mvua inayofuata inaupanua. Ndiyo maana nataka wapunguze mwendo *kabla* ya kona, wasifike kwenye kona wakiwa wamekaba breki. Lakini hata wewe ukitembea pembeni kukwepa tope unapanua njia. Nimeziona njia za hatua mbili zikawa za hatua saba kwa viatu vitupu.

Mzee wa Rula
Swali kwa mleta uzi kabla ya ushauri. Mwaka mzima mmekutana na baiskeli ngapi, na ngapi kati ya hizo zilikuwa na shida? Usinijibu kwa kumbukumbu. Kumbukumbu inahifadhi iliyokuogopesha na kutupa zilizopita salama. Kaa kwenye jiwe uhesabu.

Na jambo jingine. Watafiti wawili, Jacob na Schreyer, waliandika 1980 kwamba ugomvi wa aina hii hauko kwenye chombo, uko kwenye lengo: mtu anahisi mwingine anamharibia kile alichokifuata pale. Ndiyo maana mara nyingi ugomvi ni wa upande mmoja. Mtembeaji anarudi nyumbani amekasirika, mwendesha baiskeli anarudi akisema "leo nimekutana na wazee wazuri". Hajui hata kama kuna kesi.

GiaYaKwanza
😂 Huyo ni mimi kabisa.

MwendaPole
Narudi na mrejesho, siku nane baadaye.

Mzee wa Rula, nilikaa kwenye jiwe juu ya kona ya tatu Jumamosi yote asubuhi, nikiwa na daftari. Baiskeli 31. Ishirini na sita zilipunguza mwendo au kusimama kabisa. Tano hazikupunguza, na zote tano zilikuwa zikishuka, na zote tano zilinifikia palepale kwenye kichaka. Hakuna hata moja iliyoniletea shida ikiwa inapanda.

Halafu wakapita wenzangu. Niliwahesabu na wao. Wanne wameshikana safu, wa tano ana visikilizi. Kengele iligongwa, wakagawanyika wawili kulia wawili kushoto, kisha wa kulia wakaamua kuwafuata wa kushoto. Yule wa baiskeli alisimama katikati yao kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke. GiaYaKwanza, nilikukumbuka, nikaona haya.

Nikampigia simu aliyeteguka kifundo. Kumbe alishampata kijana yule kitambo, walipeana namba siku ileile akifungwa bandeji! Kila wiki anamuulizia mguu. Tukakutana watatu pale kwenye kona. Nikamwambia apande juu kisha ashuke taratibu, aseme "sasa" anaponiona. Alisema "sasa" nikiwa hatua sita mbele ya gurudumu lake. Akashuka akatazama kile kichaka muda mrefu, akasema hajawahi kusimama upande huu wa kona.

Barua nimeandika upya. Inaomba ruhusa ya kukata kichaka, mawe mawili, kituta, na siku moja ya kazi ya pamoja. Bandeji nimeitaja. Waliosaini 12, tisa wamekubali barua mpya. Watatu wamegoma, na mmoja wao hanisalimii. Sijui kama atarudi kutembea na sisi.

Wasimamizi wamejibu: kichaka na mawe ndiyo, kituta mpaka mtu wao aje apime maji. Kazi ni Jumamosi ijayo.

MiguuMiwili
Mimi bado ningeandika ile ya kwanza. Na baiskeli za umeme je, mmeziwaza? Hizo zinapanda kwa kasi ileile mnayolalamikia kwenye kushuka.

MwendaPole
Katika zile 31 zilikuwa mbili, na moja ilipanda haraka kuliko nilivyopenda. Hilo sina jibu lake, nitaliuliza mtu wao akija kupima.

KoleoMkononi
Njooni na majembe na glavu, kichaka cha aina hiyo kina miiba. Mawe makubwa msiyabebe, yavingirisheni kwa mtaimbo, magoti ya bandia yakae mbali.

Tandiko
Saa ngapi mnaanza? Nataka kumleta yule farasi mwenye mashaka apite katikati ya mawe kabla hamjayazika. Akigoma, mtayasogeza.

MwendaPole
Saa moja asubuhi. Mlete. Kijana wa baiskeli nimeshamwambia azungumze muda wote.

GiaYaKwanza
Atazungumza nini saa nzima?

Tandiko
Amsimulie farasi habari za gia. Farasi wangu hachagui mada.