Kuyeyusha mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya sabuni: kwa maji au makavu?

MamaKipande
Wakuu, salaam. Nimepata bucha hapa Arusha wananiuzia mafuta kwa bei ya kutupa. Nataka sabuni ya kuogea. Jirani anayakaanga makavu kwenye sufuria, dada yangu wa Moshi anayachemsha na maji na chumvi. Nilifuata ya jirani: yametoka rangi ya chai na nyumba imenuka siku mbili. Nani yuko sahihi?

SufuriaNzito
Wote, kwa kazi tofauti. Makavu ni haraka, na kwa sabuni ya kufulia yanatosha kabisa. Ila moto wa mkaa hauna adabu. Ukigeuka kumjibu mtoto, vinyama vimeshaungua na harufu imeingia kwenye mafuta.
Kwa ya kuogea tumia maji. Mwombe wa bucha ayasage kwenye mashine ya nyama, hapo nusu ya kazi imeisha. Maji yafunike, chumvi vijiko viwili kwa kilo, moto mdogo kama saa tatu. Chuja kwa kitambaa, acha yalale. Asubuhi unakuta bamba la mafuta yaliyoganda juu, maji machafu chini. Kwangua ule utando wa kijivu ulioshika chini ya bamba, kisha rudia kwa maji mapya na chumvi mpaka liwe jeupe.

MuuzaNyama
Mnabishania sufuria, mmesahau mlichotia ndani. Omba mafuta ya figo. Ni makavu, yanavunjika mkononi, hayana nyama wala damu. Ya kifuani utachemsha mpaka uchoke. Ya kondoo yanafaa, ila harufu yake ina ubishi.

BintiPangani
Mimi nilifuata njia ya maji, bamba likatoka jeupe kama nazi. Nikaliweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Wiki ya tatu, ukungu!

SufuriaNzito
Pole dada. Maji yalibaki ndani. Ukimaliza kuosha, futa bamba kwa kitambaa, kisha liyeyushe lenyewe kwa moto mdogo sana hadi viputo viishe. Kwa hiyo hata sisi wa maji tunamalizia kwa makavu, jirani asicheke.

MzeeMizani
Povu la mafuta ya ng'ombe ni dogo, laini kama krimu. Changanya nayo ya nazi: gramu 800 za ng'ombe, 200 za nazi, kostiki soda (ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 141. Hapo nimeshapunguza soda kwa asilimia 5 ili ngozi isiungue. Maji gramu 300. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Soda ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Vaa glavu na miwani. Acha vipande vikauke wiki 4 hadi 6.

MamaKipande
Asanteni. Magadi hayawezi kushika nafasi ya soda? Na sufuria zangu zote ni za alumini.

MzeeMizani
Magadi hayana nguvu hiyo, utabaki na mafuta yenye chumvi. Alumini yeyushia mafuta tu. Soda ikigusa alumini inaitafuna huku ikitoa gesi inayowaka. Tafuta chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki nene.

MuuzaNyama
Na wateja waambie ni mafuta ya mnyama gani. Kuna wasioogea ya nguruwe, kuna wasiogusa ya ng'ombe.

MamaKipande
Sawa. Jumamosi naenda mapema, kabla mafuta ya figo hayajaisha.