Mozart wa filamu, na Rast kwenye kinanda

Mwanafunzi wa udi: Jamani, filamu ya Amadeus (1984) yamwonyesha mtunzi Salieri akimwandikia mtunzi mwenzake Mozart, mgonjwa kitandani, ile Rekwiemu (misa ya wafu). Kweli? Na mbona kinanda chetu kikipiga Rast (maqam, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu) kinakwaruza masikio?

Mpiga fidla: Uzushi mtupu, sheikh. Aliyeiagiza ni mwungwana wa Austria, Walsegg. Mozart alifariki Disemba 1791, akaimalizia msaidizi wake, Süssmayr.

Fundi kinanda: Rast inayoanzia Do, shusha Mi na Si senti 50 (robo ya toni). Wengi hushusha Mi tu, Si ikabaki juu, ndipo kinanda na fidla vinapogombana. Ukihamia maqam ya Nahawand, Si irudishe, la sivyo ngazi inapopanda Si italegea. Na pimia kwa kanuni (ala ya nyuzi): nyuzi zake tatu tatu hugeuzwa kwa vichuma vya kushoto, haziyumbi kama kidole cha fidla (samahani, mpiga fidla).