Mrejesho: Safari yangu ya baiskeli katika jangwa la Chalbi

Ndugu zangu, kabla sijaondoka Nairobi niliwauliza kama lita 6 za maji zingenitosha kwa siku nzima ya kuendesha baiskeli peke yangu kati ya vijiji vya Maikona na Kalacha, kaskazini mwa Kenya, nanyi mkanisihi nibebe 10. Nawashukuru kwa dhati, kwani lita 8 zilikwisha kabla ya machweo, ingawa nilipumzika tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri chini ya turubai, kwa kuwa mti wa kivuli haukuwapo. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, hivyo ardhi yake ya chumvi hubeba tairi vizuri ikiwa kavu, lakini mvua ikinyesha hugeuka tope. Aliyenishauri niwaulize Wagabra, wafugaji wa eneo hilo, hali ya njia kila asubuhi alinifaa kuliko ramani yoyote. Upepo ndio sikuutarajia: usiku uling'oa vigingi viwili vya hema, na tangu hapo nilizifunga kamba kwenye baiskeli niliyoilaza chini. Miba ya migunga ilitoboa tyubu mara nne. Kalacha nilipokelewa na chemchemi, mikoche na ngamia waliokuja kunywa, nikakaa siku mbili.