MJADALA: Salfa inatudhuru au haitudhuru? Kwanza tuyatenganishe madai

Wadau wa Mtwara na Lindi, msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, kauli mbili huzunguka kuanzia kwenye AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, hadi vijiweni. Moja inasema salfa, ule unga tunaopuliza kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), inatumaliza: macho, kifua, uzazi, hata kansa, yote ni yake. Nyingine inasema salfa ni kitu cha asili, haina madhara, anayelalamika hataki kazi ya shamba. Naleta mada hii kwa sababu pande zote mbili zinadai makubwa kuliko ushahidi zilionao, na wanaovuta vumbi lile ni wazee wetu na watoto wetu.

Nianze na hiyo ya "asili". Arseniki nayo ni ya asili, na inaua. Ni kweli kwamba salfa imepulizwa kwenye mizabibu ya Ulaya tangu karne ya 19 dhidi ya magonjwa ya jamii hiihii ya ubwiriunga, na ni kweli kwamba mtu akiimeza kidogo sumu yake ni ndogo mno. Lakini sisi hatuimezi, tunaivuta. Unga wake unawasha macho, ngozi na njia ya hewa, na hilo halina ubishi. Kwa hiyo anayesema haina madhara kabisa ajibu kwanza: kwa nani? Kwa anayekula korosho Dar es Salaam, au kwa kijana wa Tandahimba aliyebeba mashine mgongoni tangu alfajiri bila miwani wala barakoa?

Sasa upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo kuhusu watoto wa miaka 7 katika bonde la Salinas, Marekani, eneo la mashamba makubwa. Waliokaa karibu zaidi na mashamba yaliyotumia salfa nyingi walionekana kuwa na mapafu yenye nguvu ndogo na dalili zaidi za pumu. Huu ni ushahidi mzito na unastahili kutukosesha usingizi. Lakini tuusome ulivyo. Umeonyesha mambo mawili yakienda pamoja. Haujathibitisha kwamba moja limezaa jingine. Salinas si Newala: hali ya hewa, mazao na namna ya kupuliza ni tofauti. Tena utafiti ule ulipima mapafu. Anayeutumia kuthibitisha kansa au ugumba anaubebesha mzigo usio wake.

Na hapa ndipo tunapochanganya zaidi. Tunasema "dawa ya korosho" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna salfa ya unga, kuna viuatilifu vya maji vya ubwiriunga, kuna dawa za wadudu kama mbu wa mikorosho. Hivi ni vitu tofauti kabisa, na sumu zake hazifanani. Mtu akiugua baada ya kupuliza dawa ya wadudu, kisha akailaumu salfa, tumepoteza mtuhumiwa halisi.

Kuna hoja inayotumiwa kutunyamazisha: bila salfa kusini ingekufa. Historia yenyewe haijanyooka hivyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiriunga ulitupiga kweli, na salfa ilisaidia kuuzuia, sikatai. Lakini ugonjwa huo ulianza kujulikana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mavuno yalikuwa yameshaanza kushuka. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali, na bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Miaka ya 1990 salfa ilienea katika kipindi kilekile ambacho soko lilifunguliwa. Nani basi atuambie sehemu ipi ya ahueni ni ya salfa na ipi ni ya bei? Wanaotukataza kusema "nilipuliza, nikaugua, basi ni salfa" wasituambie nao "tulipuliza, tukavuna, basi ni salfa". Kosa ni lilelile.

Udongo nao ungestahili uzi wake. Kwa kifupi: salfa ikianguka chini, vijidudu huigeuza kuwa tindikali, na udongo wetu wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuihimili. Hili linapimika, tena kwa gharama ndogo.

Msimamo wangu ni huu: madhara ya macho na kifua kwa wapulizaji tuyakubali leo na tudai vifaa vya kujikinga viletwe pamoja na ruzuku ya pembejeo. Madai ya kansa na uzazi tusiyatangaze kama ukweli, wala tusiyazike. Yapimwe. Zahanati zetu zina vitabu vya wagonjwa. Ziandike nani anapuliza na anakaa umbali gani na mashamba, kisha walio karibu walinganishwe na walio mbali ndani ya miezi ileile. Kulinganisha msimu wa kupuliza na msimu wa mvua hakutoshi, kwa sababu kiangazi kina vumbi la barabara na mafua yake hata pasipo salfa. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wapo hapahapa Mtwara na ubwiriunga wanaujua. Wakikaa na watu wa afya, kazi hii inafanyika bila kusubiri mgeni.

Naomba michango, hasa kutoka Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Ukiandika, taja ulipuliza nini hasa, unga au maji, dalili zilianza lini na ziliisha lini, na kama waliokuwa nyumbani bila kwenda shamba nao walizipata. Wenye kupinga nilichoandika kuhusu miaka ya 1970 pia karibuni, hususan wazee mliokuwa na mikorosho wakati wa kuhamia vijijini: mliacha kupalilia kabla ya kuona ugonjwa, au baada?